Mizinga ya Mwenyekiti

Shingoni alivaa filimbi. Wengine huning'iniza funguo au msalaba, yeye alining'iniza filimbi ya chuma kwenye kamba ya kiatu, na Jumapili aliiingiza ndani ya shati ili asiwakwaze waumini, ingawa kamba ilionekana vilevile. Tulimwita Mwenyekiti. Alikuwa mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Nyakato kwa muda mrefu kiasi kwamba hata kiti kilipokwenda kwa mtu mwingine, jina lilibaki kwake. Aliyemrithi anaitwa "yule kijana" mpaka leo, na ana wajukuu.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba kimoja kilichoegemea ukuta wa uwanja wake, na dirisha langu la nyuma linatazama kwake. Watu wa mtaa walimjua kwa mbele: koti la kahawia hata kwenye jua kali lisilo na huruma, filimbi, fimbo ya kuonyeshea mitaro iliyoziba. Mimi nilimjua kwa nyuma, akiwa na kandambili, akigombana na nyuki.

Nianze na sheria, kwa sababu yeye mwenyewe angetaka nianzie hapo. Mtu huyu alipenda sheria kuliko wengine wanavyopenda kusifiwa. Mbuzi wafungwe. Muziki wa msibani uzimwe ikifika saa fulani. Maji machafu yasimwagwe barabarani. Wiki niliyofungua saluni alikuja, hakutazama vioo vyangu vipya wala kiti cha kuzunguka, akauliza, "Maji ya nywele yanaendaga wapi?" Nikamwonyesha mlango wa nyuma. Akatazama matope, akanitazama mimi, akapuliza filimbi palepale ndani ya saluni. Mteja wangu alishtuka akaangusha simu. Nilichimba shimo la maji kwa hasira, huku nikimsema kwa kila aliyekaa kwenye kiti changu. Lilipokwisha alirudi na fimbo yake, akalichokoa pembe zote, akasema, "Safi. Sasa na wewe ni mtu wa hapa." Nikajikuta nimefurahi, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Lakini ukitaka kumsema, ulikwama mahali pamoja: alijibana na yeye. Mbuzi wake alikata kamba siku moja akala mboga za jirani. Mwenyekiti alimkamata mwenyewe, akamfunga nje ya ofisi ya mtaa, na kesho yake asubuhi akaenda ofisini kumwombea. Ofisini hapakuwa na mtu, maana mtu wa ofisi ni yeye. Basi alisimama mbele ya kiti chake kitupu, kofia mkononi, akajieleza kosa lake, akaahidi kununua kamba mpya. Waliomchungulia dirishani walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alimchukua mbuzi akaondoka.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa na nguruwe nyuma ya chumba chake. Aliwapenda, aliwapa majina. Mwenyekiti alimpa muda wa kuwahamisha, kijana akaomba aongezewe, akakataliwa. Nguruwe waliondoka juu ya mkokoteni, na kijana hakumsalimia Mwenyekiti kwa muda mrefu sana. Mwenyekiti aliendelea kumsalimia kila siku, na kila siku alisubiri jibu kidogo, halafu akapita.

Sasa nyuki. Nyuki hawakuwa wake, walikuwa wa mke wake. Mama huyo alitoka Mugeta, kwa watu wanaotundika mizinga kama sisi tunavyoanika nguo, na alikuja mjini na ujuzi huo kichwani. Kundi la nyuki lilipotua kwenye ua wao mwaka mmoja, watu wote walikimbia isipokuwa yeye. Alisugua nta ndani ya mzinga wa gogo, akauweka juu ya mawe matatu karibu na ukuta wangu, na nyuki wakaingia kana kwamba wamealikwa. Baadaye ikawa mizinga mitatu, kila mmoja na mawe yake, milango yote ikielekea upande wa ziwa.

Mwenyekiti aliwaogopa nyuki. Nataka hili lieleweke, kwa sababu alivyokuwa akitembea na fimbo yake ungefikiri haogopi kitu. Nyuki mmoja tu akimpitia sikioni, alitoka mbio na koti lake. Mkewe akienda kwenye mizinga, bila kinga yoyote zaidi ya khanga kichwani na moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye kopo, yeye alisimama mlangoni, mlango umefungwa nusu, akipiga kelele:

"Toka huko, wewe mwanamke! Watakuua unibakize na nani?"

"Funga mlango basi, Mwenyekiti," mkewe alijibu, maana hata yeye alimwita hivyo. "Wanasikia woga wako mpaka hapa."

Mama alikufa kwa ugonjwa, si kwa nyuki. Msibani walitaka kufukuza nyuki kwa moshi mkubwa ili turubai lifungwe upande wa ukuta, kwenye kivuli. Mwenyekiti alinyanyuka akasema, "Turubai lifungwe upande mwingine." Tukakaa juani. Hakuna aliyelalamika.

Baada ya arobaini nilimwona kwa dirisha langu akitoka nyuma ya nyumba. Alivaa koti la mvua, viatu vya mpira, soksi mikononi, na chandarua kizima kilichomfunika kuanzia kwenye kofia kikiburuta chini. Jua lilikuwa kali. Alikuwa na kopo la moshi la mkewe, na alilishika mbali na mwili hivi kwamba moshi ulikuwa ukienda kila upande isipokuwa kwenye mzinga. Alifungua. Wakamuuma. Alikimbia akajikwaa kwenye chandarua, akaanguka, akanyanyuka, akarudi. Kwa wiki nzima uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja halionekani, na akaenda hivyo hivyo kukagua mitaro.

"Kwa nini usimpe shemeji yako wa Mugeta?" nilimuuliza. "Wao ndiyo kazi yao."

"Mimi nilikuwaga nasimama pale mlangoni," alisema. "Yeye hapa. Sasa hapa pako wazi."

Hivyo ndivyo alivyojifunza kitu alichokiogopa kuliko vyote, akiwa mtu mzima wa mvi, bila mwalimu. Hakuwahi kuwa hodari. Sidhani woga ulimtoka. Ila kila jioni aliweka kigoda karibu na mizinga, si karibu sana, akala furu wake, vile visamaki vya ziwani, wa kukaanga na ugali pale, akiwasema nyuki kwa nini wamechelewa kurudi. Mara nyingine alisema jambo halafu akanyamaza muda wa mtu kumjibu. Nilikuwa nafunga dirisha. Kuna mambo si ya kusikilizwa.

Asali hakuila. Hakupenda kitu kitamu, hata chai alikunywa bila sukari. Lakini aliyejifungua mtaani alipelekewa chupa, mwenye kikohozi alipelekewa chupa, na amri ilikuja pamoja na chupa: "Irudi imeoshwa." Isiporudi, filimbi ilipigwa mlangoni kwako.

Kwangu nyuki walikuwa na shida zao. Walipenda mafuta ya nywele. Niliwahi kumwona mteja akikimbia barabarani na kichwa kilichosukwa nusu, mkono mmoja umeshika nywele na mwingine umeshika sketi. Kiangazi walijaa kwenye bomba langu kutafuta maji. Nilipomwambia, Mwenyekiti hakubisha. Alileta karai, akalijaza maji, akatupia vijiti juu ili nyuki watue wasizame, akaliweka upande wake wa ukuta. Tangu hapo hawakuja tena kwenye bomba langu. Karai hilo hakuliacha likauke hata siku aliyokuwa na malaria. Aliniita dirishani kwa filimbi, filimbi dhaifu ya mtu aliyelala, niende nikamimine.

Halafu ikafunguliwa chekechea mtaa wa nyuma.

Mtoto mmoja wa kike alirusha jiwe kwenye mizinga, wengine wanasema kandambili. Hata lingekuwa jiwe, mtoto wa chekechea hana kosa. Nyuki walimfunika. Mwenyekiti alimtoa pale mwenyewe, bila koti la mvua, bila chandarua, mtu aliyekuwa akikimbia nyuki mmoja. Alimfunika kwa lile koti la kahawia, akampakia kwenye pikipiki ya yule kijana wa nguruwe, wakaenda zahanati. Mtoto alipona. Mwenyekiti alikwenda kumwona kila siku mpaka akaanza kucheza tena.

"Ulimpelekea asali?" nilimuuliza, bila kufikiri.

"Kwa uso gani, mwanangu?" akasema.

Muda si mrefu likaja tangazo la sheria ndogo ya ufugaji wa nyuki. Mizinga haitakiwi katikati ya makazi. Iwekwe mbali na nyumba za watu, shule na barabara. Wenye nayo wapewe muda wa kuihamisha. Afisa nyuki, binti mpole mwenye sauti ndogo, alikuja kuieleza, na mkutano uliitishwa kwa filimbi kama kawaida. Mtaa mzima mwenye mizinga alikuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyesimama na kulisoma tangazo, kila mstari, bila kuruka kitu. Alipomaliza akalikunja.

"Maswali?"

Mama wa yule mtoto aliinamisha kichwa, na najua kwa kuwa nilikaa naye kwamba hakutaka nyuki wale waende namna ile. Ndipo akasimama kijana wa bodaboda. Tukasema moyoni, leo ndiyo leo, atamlipizia nguruwe wake.

"Mwenyekiti," alisema, "hao nyuki ni wa marehemu mama. Sisi tuzungushie ukuta tu, tuupandishe juu. Nani ataenda kusema? Hakuna atakayesema."

Watu wakaitikia, "Kweli! Hakuna!"

Mwenyekiti alimgeukia.

"Nguruwe zako nilizitoa?"

"Ulizitoa."

"Ulilia?"

Kijana akatazama chini. "Nililia."

"Basi na mimi nitalia. Mkutano umefungwa."

Afisa alimfuata nje. "Mzee, usikimbilie, muda upo. Tafuta sehemu ya mbali, tutasaidiana kuipanga."

"Sheria inasema mbali inaanzia wapi?" akauliza.

Binti akamweleza, kwamba ni kule makazi yanapokwisha, na penye nafasi ya kutosha kutoka kwenye njia. Akashukuru. Hakuuliza jingine.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo angelifanya yeye tu. Mtu mwingine angeuliza nyuki wanahitaji nini. Yeye aliuliza sheria inahitaji nini. Alitembea na fimbo yake mpaka nyumba ya mwisho ilipoishia, akaendelea kwenye majabali mpaka nafasi iliyosemwa ikatimia, akachomeka kijiti. Pale pangemfaa: asubuhi angeweza kutembea kwenda kuwaona na kurudi kabla ya chai. Kuipeleka Mugeta hakutaka hata kusikia. Alisema kule wanapulizia pamba dawa, nyuki watakufa. Wala hakumuuliza shemeji yake kitu, kwa sababu alijua shemeji angesema, walete huku. Mugeta ni mbali, na yeye asingewaona.

Mizinga ilibebwa giza likianza kuingia, nyuki wakiwa wamelala ndani, milango imezibwa kwa matambara. Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye majabali akaifungua, akarudi akitabasamu, jambo la nadra. Nilikuwa nafungua saluni. Kabla sijamaliza kufagia nikasikia mlio.

Walikuwa wamerudi. Nyuki wakipelekwa karibu, wakitoka kutafuta chakula, hukumbuka njia ya makao yao ya zamani, na nyumbani kwao palikuwa pale kwenye ukuta wangu. Uwanja mzima ulijaa. Walizunguka juu ya yale mawe matupu, kimo kilekile ambacho mlango ulikuwa, wakiingia mahali ambapo hapakuwa na kitu. Jioni walitua juu ya mawe wakashikana kwa vishada, wakalala nje. Kesho yake wakawa wengi zaidi.

Binti yake anayekaa Bunda alinipigia simu. Alikuwa ameshaongea na mjomba wake wa Mugeta. "Anasema ni rahisi," alisema. "Mrudishe mzinga mmoja pale pale kwenye mawe, jioni moja tu. Wataingia wenyewe. Muuzibe, muupeleke Mugeta na gari usiku huo huo, hawatapotea. Shangazi, mwambie baba, mimi hanisikii."

Nilimwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama kwenye uwanja wake na nyuki wakinipita masikioni. Kijana wa bodaboda alikuwepo, akasema, "Mimi naubeba sasa hivi, Mwenyekiti. Sekunde."

"Mzinga hautarudi kwenye makazi," alisema.

"Jioni moja!"

"Na nguruwe zako ungeniomba jioni moja, ningekupa?" Sauti ilimpanda. "Mtoto aliumwa hapa! Hapa! Nimesoma mbele ya watu kwa mdomo wangu. Leo nirudishe, kesho nimwambie nani nini?"

"Mama angerudisha," nikasema.

Alinigeukia nikadhani atanipiga kwa fimbo. Akaingia ndani akafunga mlango, wote, si nusu.

Usiku ule ilikuja mvua ya kutoka ziwani, yenye upepo. Sikulala vizuri. Asubuhi nilimkuta ameinama na ufagio wa chelewa, anawafagia. Walikuwa chungu nzima chini ya mawe, wameloa, weusi, wengine bado wanachezesha mguu. Hakuwafagilia kwenye takataka. Aliwakusanya kwenye lile karai lao la maji, kidogo kidogo, na wale waliokuwa wakijisogeza aliwaokota kwa vidole vitupu akawaweka juani. Mmoja alimuuma. Hakuondoa mkono.

"Hawa hawakuwepo mkutanoni," akaniambia.

Halafu akakaa chini kwenye matope na koti lake, akalia kwa sauti. Na mimi nililia. Nilikuwa na mteja wa asubuhi, akatoka na kitana kichwani kuja kuangalia kuna nini, naye akalia, na hakuwa hata mtu wa mtaa huu.

Waliobaki kule kwenye majabali hawakutosha kuulinda mzinga hata mmoja. Siafu waliwamaliza. Shemeji alikuja kutoka Mugeta akachukua magogo matupu, akaondoka bila kusema neno la kulaumu, na nadhani hilo lilimuumiza Mwenyekiti zaidi. Tangu hapo alipungua. Alianza kusahau. Aliitisha mkutano kwa filimbi, tukaja, akatuuliza tumekuja kufanya nini. Binti yake akamchukua akakae naye Bunda, nyumba ikapata wapangaji. Mawe tulimwomba binti yasiondolewe. Wapangaji huyatumia kuanikia viatu.

Nilikwenda kumwona Bunda mara kadhaa. Kule alikuwa mzee wa nyumbani tu, anaitwa babu. Hakuna aliyejua filimbi ile ni ya nini. Wajukuu walikuwa wanaichezea.

Mara ya mwisho yeye ndiye aliyekuja. Ilikuwa kiangazi, asubuhi, nafungua dirisha la nyuma kupata hewa, namwona amekaa kwenye jiwe moja kati ya yale, ameviweka viatu vya watu pembeni vizuri kwa mpangilio. Koti la kahawia. Amepanda basi peke yake kutoka Bunda, sijui alishukaje, sijui nani alimwelekeza.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Karai liko wapi?"

Nikaenda nikalitafuta. Lilikuwa kwangu, nalowekea taulo. Nikalisafisha, nikalijaza maji, nikatupia vijiti, nikaliweka palepale. Nikakaa jirani naye, juu ya jiwe la pili. Binti nilikwisha kumpigia, alikuwa njiani, analia kwenye simu. Tulikaa muda mrefu.

"Ilikuwa jioni moja tu," akasema. Sikujua kama anakumbuka anaongea na nani. Lakini alinitazama, macho yake yalikuwa mazima kabisa. "Jioni moja. Nani angenishtaki?"

"Hakuna, Mwenyekiti."

"Na mwenyekiti mwenyewe nilikuwa mimi."

Nilimshika mkono.

Jua lilipopanda wakaja nyuki kwenye karai. Kiangazi nyuki huja popote penye maji. Watatu, halafu wengine, wanatua kwenye vijiti, wanakunywa. Hakutikisika. Aliwatazama kwa namna ambayo nilitamani kufunga dirisha langu, lakini safari hii nilikuwa nje, sikuwa na dirisha.

"Ni wale?" akaniuliza.

Shemeji yake alishanieleza kwamba nyuki haishi muda mrefu, na wale walikwisha kufa zamani, mvua ingenyesha au isingenyesha. Na mtu huyu hakuwahi kuvumilia uongo, hata wa mtaro.

"Ni wale," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akasimama, akavua koti. Sikuwahi kumwona akilivua hadharani isipokuwa siku ile ya mtoto. Akalitandaza juu ya mawe, akaliinua katikati kwa kijiti ili pabaki uwazi ndani, na upande wa ziwa akaacha mlango, mdogo, wa kimo kilekile. Akarudi nyuma akapatazama.

"Waache walale leo," akasema. "Watu wakiuliza, nitajibu mimi."

Binti alifika mchana kumchukua. Aliuliza koti la baba liko wapi, tukamwonyesha, naye akaliacha. Mwenyekiti alirudi Bunda na shati tu.